Ulezi wa Kwenye Picha

Siku hizi ninafundisha vijana kuuza bidhaa zao kwa simu, katika ukumbi ule ule wa parokia pale Sumbawanga mjini nilipofundishwa mimi. Kila kundi jipya halikosi mmoja wa kuniuliza mteja wangu wa kwanza nilimpataje. Huwa ninamjibu kwamba nilipiga picha nzuri, halafu ninageukia ubao. Si uongo. Ila nusu ya pili ya jibu sijawahi kuitoa darasani, na nimeamua kuiandika, maana imenikaa kooni vya kutosha.

Nilikuwa na miaka minne tangu nimalize kidato cha nne. Matokeo hayakunipeleka popote, nikarudi kijijini kwetu, njia ya kwenda Msanzi, kulima na mama. Baba alikuwa ameshafariki. Kulima si kubaya, na mama yangu ni mkulima hodari, lakini mimi nina hasira za karibu na sipendi kuulizwa jambo moja mara mbili. Kijiji kizima kilikuwa kinaniuliza hilo hilo moja: sasa wewe binti, masomo ndiyo basi tena? Nikitoka kisimani naulizwa. Nikitoka kanisani naulizwa. Hata fundi baiskeli, ambaye shule aliiacha darasa la nne kwa hiari yake mwenyewe, alikuwa ananionea huruma.

Ndipo Jumapili moja likasomwa tangazo baada ya Misa. Mafunzo ya kompyuta na ujasiriamali kwa vijana, wiki kumi na mbili, bure. Mama alikuwa amekaa viti vya mbele. Aligeuka akanitazama kabla katekista hajamaliza kusoma. Ulikuwa wakati wa kuandaa mashamba, na nyumbani tulikuwa wawili tu, yeye na mimi.

Tulipofika nyumbani alisema, "Nenda. Jembe nitalishika mwenyewe."

Nikaenda kukaa kwa mama mdogo, mjini.

Mwalimu wetu alikuwa kijana wa Dar es Salaam aliyetaka tumwite kaka. Alikuja na shati la mikono mifupi pamoja na zile hadithi zote za uchawi ambazo watu wa huko husimuliana kuhusu Sumbawanga. Wiki ya kwanza hakula kitu ambacho hakukiona kikipikwa. Wiki ya pili upepo wa kwetu ulimtia adabu, akanunua sweta la mtumba. Wiki ya tatu alikuwa anagombania nasi ugali wa ulezi. Kazi yake aliijua, hilo siwezi kumnyima. Alitufundisha kuandika barua pepe, kufungua ukurasa wa biashara, kumjibu mteja bila kumfokea (hapo alinitazama mimi), na kupiga picha dirisha likiwa ubavuni ili kitu kionekane kilivyo.

Wenzangu walikuwa na vitu vyao. Msichana mmoja wa Kirando aliuza dagaa waliokaushwa na shangazi zake. Kijana mmoja wa Kisukuma, ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao, aliuza maziwa mgando. Mimi sikuwa na kitu. Nilikuwa na daftari safi sana.

Wiki ya sita mwalimu alitupa kazi. Turudi makwetu, tutafute kitu kizuri kuliko vyote nyumbani, tukipige picha, tukiweke kwenye ukurasa, tulete mteja wa kweli. Watatu wa kwanza kupata mteja wangeendelea na hatua ya pili, wangepewa kompyuta ya kutumia, na baadaye wangefundisha wengine. Nafasi ile niliitaka mpaka nikawa naiota. Niliona kabisa jinsi nitakavyopita kwa yule fundi baiskeli nikiwa nimebeba kompyuta, nimsalimie kwa upole, nisisimame.

Jumapili niliyorudi nyumbani ilikuwa ya kubariki mbegu. Kwetu, mvua zinapokaribia, kila mwenye shamba hupeleka kanisani konzi moja ya mbegu, padri akainyunyizia maji ya baraka. Ukirudi nyumbani unaichanganya konzi ile na mbegu zako zote, unafunga. Kuanzia hapo hicho si chakula tena. Hakiliwi, hakiuzwi. Hata nyumba ikizidiwa, watu hutafuta kwingine kwanza. Sikumbuki kufundishwa jambo hilo. Nimekua nalo tu.

Na mbegu ya mama haikuwa ya hivi hivi. Wakati wa kuvuna ulezi yeye hutangulia shambani peke yake na kisu, kabla ya wavunaji, akichagua suke moja moja, lile lililofumba kama ngumi. Masuke hayo huyapura kando, huyapepeta mara tatu, na chenga hata moja haibaki. Mbegu yenyewe alipewa na mama mkwe wake mwaka alioolewa. Nusu ya wanawake wa kijiji chetu wamewahi kuja na bakuli kumwomba mbegu, naye anapenda kuombwa, ingawa hujifanya anasumbuliwa.

Siku hiyo aliimwaga mbegu kwenye ungo, akafungua pindo la kanga alimofunga konzi ya kanisani, akaanza kuchanganya kwa mikono miwili. Jua la mchana lilikuwa linaingia mlangoni kwa ubavu, vile vile mwalimu alivyotuelekeza. Ulezi ulikuwa mwekundu, unang'aa, na mikono ya mama imo ndani yake mpaka kwenye vifundo.

"Mama, usiondoe mikono," nikamwambia, nikatoa simu.

Akacheka. "Piga tu. Mbegu haioni haya."

Nikapiga. Akaimimina mbegu katika chungu, akafunika, akasiliba mfuniko kwa udongo mbichi, akakiweka kwenye kona yake jikoni. Mimi jioni ile ile nikaiweka picha mtandaoni, nikaandika chini yake: ulezi safi kutoka Ufipa, unapatikana. Sikuandika kwamba ni mbegu. Haki ya Mungu sikuwa na nia mbaya. Kihenge chetu kilikuwa na ulezi wa kutosha wa kuuza, na mimi niliona picha ni mapambo tu, kama mtu anavyovaa nguo ya sikukuu kwenda studio.

Siku ya tatu mteja akapatikana. Alikuwa mama mmoja wa pale pale mjini, anayesaga unga wa lishe na kuufunga kwenye pakiti. Alitaka sado mbili, yale makopo ya kupimia nafaka sokoni, ziwe za mfano, akiridhika achukue zaidi. Darasa zima lilinipigia makofi. Nikakimbilia nyumbani, mama akaniambia nichote kihengeni kadiri ninavyotaka, nikachota, nikapeleka.

Kesho yake ukaja ujumbe wa sauti. Mwalimu akasema niusikilizishe mbele ya wote, tujifunze. Nikabonyeza. "Binti, huu ulezi siutaki. Si ule wa kwenye picha. Huu una mchanga na umechanganyika rangi. Mimi niliagiza ule niliouona."

Mwalimu hakunigombeza. Alisema tu, "Mteja ukimpa tofauti na picha, huna biashara. Una picha."

Yule wa Kirando alikuwa ameshapata mteja wake, wa maziwa naye ameshapata. Ilibaki nafasi moja, na nyuma yangu kulikuwa na watu wenye asali na watu wenye vikapu. Ningeweza kumweleza yule mama kwamba ule wa kwenye picha hauuzwi. Ningeweza kwenda kumwomba mama yangu. Sikumwomba kwa sababu jibu lake nililijua.

Jumamosi asubuhi wanawake wote huwa kwenye sala ya jumuiya. Nilifika nyumbani mama akiwa ametoka. Nikaubandua udongo wa chungu kwa kijiko, nikamimina mbegu yote kwenye mfuko, zikatoka sado mbili kasoro kidogo. Nikachota ulezi wa kihengeni, nikaupepeta mara mbili, nikaujaza katika chungu, nikafunika, nikasiliba upya. Nikaupuliza udongo ukauke haraka. Ningependa kuandika kwamba mikono yangu ilitetemeka, lakini haikutetemeka. Nilikuwa ninajiambia kwamba ulezi ni ulezi, na udongo hausomi historia.

Yule mama mteja aliingiza mkono mfukoni, akatoa konzi, akaimwaga kutoka kiganja kimoja kwenda kingine. Alifanya hivyo mara kadhaa, taratibu. Kisha akanitazama.

"Nyumbani hamjambo?"

"Hatujambo."

"Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

Akasema sawa, akanilipa, akaubeba mfuko mwenyewe kuupeleka ndani. Nikaona ni adabu ya wauzaji, kuulizana habari. Wiki iliyofuata jina langu likasomwa la tatu. Nikapewa kompyuta, na wiki nzima nikalala nayo kando ya mto, mama mdogo akawa ananiuliza kama itanyonya.

Mvua zikashika. Mahindi yakapandwa, yakaota. Nilikuwa katikati ya hatua ya pili mama aliponipigia kwa kisimu chake cha kitochi, akipiga kelele kama kawaida, akiamini umbali ni umbali. "Jumamosi tunapanda ulezi! Nimealika watu! Njoo!"

Nikaenda. Njia nzima nilikuwa ninapanga namna ya kusema, nikashuka garini bila kuwa na neno hata moja. Nyumbani nikawakuta wanawake watano wa jirani wameshafika na majembe, na pombe ya kuwashukuru imeshaiva. Mama akatoka na chungu, akakiweka uani, akagonga ule udongo, akafunua. Akaingiza mkono.

Hakuinamia kutazama. Mkono ulikaa mle ndani kidogo tu, ukatoka mtupu. Akafunika. Hakunigeukia mimi.

"Jamani," aliwaambia wale wanawake, "leo tupalilie mahindi. Ulezi tungoje wiki ijayo, udongo bado haujashiba."

Udongo ulikuwa umeloa mpaka unashika miguu. Wanawake wakautazama, wakamtazama mama, lakini kwa mambo ya ulezi hakuna anayebishana naye kijijini kwetu. Tukapalilia mahindi mpaka mchana. Walikunywa, wakaimba, wakaenda zao.

Tulipobaki wawili akaniuliza, kwa Kifipa, sauti ya kawaida kabisa, "Mbegu yangu iko wapi?"

Nikamweleza yote: picha, ujumbe, jumuiya, kijiko. Alisikiliza huku anasuuza vikombe. Nilingoja anifokee. Ningefokewa ningepata pa kuegemea, ningejibu, tungegombana tukalia tukamaliza. Hakufoka.

"Mbona hukuniomba?"

"Ungenikatalia."

"Ningekukatalia," akasema. Akasuuza kikombe kingine. "Umempa nani?"

"Mama mmoja wa mjini. Anasaga unga."

"Ameshasaga?"

"Sijui."

Akakaa kwenye kigoda. Ndipo nilipoona amezeeka, na nikaogopa. Ningeweza kukimbia nyumba hadi nyumba kwa wale aliowahi kuwapa, lakini wote walishachanganya yake na yao, na wao hawatangulii wavunaji na kisu. Wengine walikuwa wameshamaliza kupanda. Kama yule mama amesaga, ulezi wa bibi yangu ulikuwa umekwisha duniani, nao umeishia kwenye uji wa watoto wa watu, kwa sababu mimi nilitaka kumpita fundi baiskeli.

Jumatatu asubuhi tukapanda gari kwenda mjini. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Mimi nilikuwa nimezikunja mkononi fedha zote alizonilipa yule mama, na zilikuwa zimelowa jasho.

Yule mama ana vyumba viwili karibu na soko, kimoja cha mashine na kimoja cha kufungia pakiti. Alitoka akiwa mweupe kwa unga hadi kwenye nyusi. Nikamwamkia, nikasema huyu ni mama yangu. Wakasalimiana, habari za huko, habari za mvua. Mama akajikohoza, akaanza, "Tumekuja kuhusu ule ulezi..."

Yule mama hakumngoja amalize. Aliingia chumba cha ndani, akarudi na ndoo nyeupe yenye mfuniko, akaiweka miguuni pa mama.

"Nilikuwa ninawangoja," akasema. "Mimi nimezaliwa kijijini Kate, mama, nimekulia kwenye ulezi. Chakula hakipepetwi hivi. Niliposhika tu nikajua hii ni mbegu. Nikasema, kwenye nyumba hii kuna jambo, mpaka watu wanauza mbegu. Nikaogopa kumhoji binti nisije nikamwaibisha. Nikaiweka. Nikasema nitangoja mpaka watu wamalize kupanda ulezi, wasipokuja ndipo nisage."

Mama alipiga magoti akafunua ndoo. Akaingiza mkono, ukakaa humo. Midomo yake ilikuwa inachezacheza kama mtu anayesali.

Yule mama naye akachuchumaa, akamshika bega. "Pole sana, mama yangu. Kwani ilikuwa nini? Njaa, au kulikuwa na mgonjwa?"

Hapo masikio yangu yalianza kuwaka. Nataka msomaji amfahamu mama yangu. Kihenge chake sijawahi kukiona sakafu. Ile miezi ambayo mazao ya zamani yamekwisha na mapya hayajakomaa, kwetu ndiko watu wanakokuja, naye hupima bila kuandika. Mwaka mmoja mtu alisema kisimani kwamba sisi tumenunua mahindi sokoni, mama akaenda kwa mtu huyo kwa miguu, akamleta mpaka nyumbani, akampandisha ngazi ya kihenge achungulie.

Hakunitazama. Aliutoa mkono ndani ya ndoo, akazikung'uta chembe zote zirudi ndani.

"Njaa," akasema. "Ilitubana kidogo. Sasa imepita."

Nikafungua mdomo. Mama akanikanyaga mguu kwa kiatu chake cha plastiki, akaukandamiza pale pale mpaka nilipoufunga. Nikatoa fedha, nikamrudishia yule mama kwa mikono miwili, naye akazipokea huku anatikisa kichwa, akasema masikini, watu wa shamba na uaminifu wao. Halafu akachukua pakiti mbili za unga wa lishe rafuni akampa mama, akamwambia akaanze nazo. Mama akapiga goti akazipokea.

Ulezi tukaupanda Jumamosi ile, na wanawake walikubali kwamba sasa udongo umeshiba. Ulitoka vizuri.

Yule mama bado ni mteja wangu. Ninampelekea ulezi wetu na wa majirani, uliopepetwa sawasawa, na picha ninayomtumia ni ya gunia lile lile atakalolipokea. Na kila nikimpelekea mzigo, yeye huongeza pakiti moja ya unga juu. "Ya mama," huniambia. "Mwambie asiuze mbegu tena. Ikibana, aje kwangu." Ninaipokea, ninashukuru, ninaibeba njia yote hadi kwenye nyumba yenye ulezi mpaka darini.

Mwaka jana nilichoka. Nilifika nyumbani na pakiti mkononi nikamwambia mama kwamba safari ijayo nitamweleza yule mama ukweli, kwamba hapakuwa na njaa wala mgonjwa, palikuwa na mimi tu. Mama alikuwa anakoroga uji, na uji wenyewe ulikuwa wa unga ule ule wa pakiti iliyotangulia, kwa sababu hatutupi kitu.

"Usithubutu," akasema. "Mimi nilikuwa na njaa, ikapita, watu wanasahau. Wewe ukiwa mwizi haipiti."

Nikasema lakini mama, anakuona masikini.

"Mwache anione," akasema, akanimiminia kikombe. "Kunywa, unapoa."

Nikanywa.